Kuku wa chumvi kidogo: supu, mkaa au nazi?

Mtu akirudi kutoka kliniki ameambiwa presha imepanda na apunguze chumvi, hukumu ya nyumbani haichelewi: "Basi wewe sasa ni wa vya kuchemsha." Kesho yake anawekewa bakuli la kuku mweupe, maji mengi, karoti mbili zinaelea. Anakula vijiko vitatu, analisukuma bakuli. Wiki haijaisha, kikopo cha chumvi kimesharudi mezani na kila mtu anajifanya hakioni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu. Nikachukua zamu ya kupika Jumapili: kuku mmoja kila wiki, leo supu, wiki ijayo mkaa, wiki nyingine nazi, na chumvi ile ile, robo kijiko cha chai kwa kuku mzima. Nilitaka kujua ni yupi atakayeliwa mpaka mfupani bila mtu kunyoosha mkono kuomba chumvi. Jibu lilinishangaza kidogo. Yule wa kuchemsha, anayesifiwa kila mahali kuwa ndiye chakula cha mgonjwa, ndiye mgumu kuliko wote.

Chumvi inaingilia wapi

Kuku mwenyewe hana kosa. Gramu 100 za nyama yake mbichi zina sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, ya miligramu 45 hadi 95 hivi, kidari kikiwa na kidogo kuliko paja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku nzima, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko cha chai ambacho hata hakijajaa sawasawa.

Tuchukue kuku wa kisasa wa kilo moja na robo. Ukitoa mifupa inabaki nyama ya gramu 800 hivi, yenye sodiamu yake ya asili ya kama miligramu 600. Wakigawana watu watano, kila mmoja anapata 120. Sasa aje mpishi wetu wa kila siku. Anatia vijiko viwili vya chai vya chumvi, hapo zimeongezeka miligramu 4,600. Anavunjia vidonge viwili vya mchuzi, vile vidogo vya gramu nne. Karibu nusu ya kidonge ni chumvi, na mara nyingi huzidi nusu, kwa hiyo jumlisha 1,600 nyingine. Sufuria imefika miligramu 6,800, kila mlaji 1,360 kama atamaliza mchuzi wake. Hicho ni chakula kimoja, bado mkate wa asubuhi na wali wa usiku. Sufuria ile ile ikipikwa kwa robo kijiko cha chumvi na bila vidonge inakuwa na chini ya 1,200, na kila mtu anapata kama 235.

Vidonge ndivyo vinavyotuponza zaidi, maana havionekani kama chumvi. Nimesikia mara nyingi mtu akijitetea, "Mimi chumvi situmii, natia kidonge tu." Ni kama asemaye ameacha sukari, anakunywa soda. Sosi ya soya nayo ni hivyo hivyo, kijiko kimoja cha chakula kina kama miligramu 900. Ajinomoto inalaumiwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa sodiamu yake kwa uzito haifiki theluthi ya ile ya chumvi, ingawa anayeimwaga kwa ukarimu anaharibu hesabu hiyo. Na zile pakiti za viungo vya kuku vilivyochanganywa tayari, geuza nyuma usome. Vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta chumvi ni ya kwanza au ya pili, rudisha pakiti pale ulipoitoa.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaufikirii, nao ni ile desturi ya kumkosha kuku kwa ndimu na chumvi ili kutoa shombo. Chumvi hiyo haiondoki yote. Kwa kuku wa kienyeji, chanzo kimoja cha harufu ni ile tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Ikate tu, kisha paka ndimu na tangawizi iliyotwangwa. Na usimfungulie bomba kwa nguvu, yale maji yanayoruka hubeba vijidudu mpaka kwenye sahani safi zilizo pembeni.

Kienyeji, kisasa, na yule aliyedungwa maji

Kwa chumvi kidogo, kuku unayemnunua ana umuhimu karibu sawa na njia utakayompikia. Kuku wa kienyeji ameishi miezi mingi, amekimbia, amechakura, na nyama yake ina ladha inayojitegemea. Anataka saa moja na nusu jikoni au zaidi, na jogoo mzee anaweza kukushinda kabisa. Wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu. Ni laini na anaiva upesi, lakini ladha yake ni ile utakayompa wewe. Ndiyo maana nasema kienyeji ni wa chungu, kisasa ni wa moto. Ukibadilisha, utakula kisasa aliyepooza ndani ya supu, au jogoo juu ya mkaa mwenye nyama kama kandambili.

Kwa ndugu walio Marekani kuna kuku wa tatu wa kuangaliwa. Kuku wengi wa pakiti wa huko hudungwa maji ya chumvi kiwandani ili wabaki na unyevu na uzito. Kwa macho ni kuku mbichi kama wengine, lakini kibandiko kikisema nyama imeongezewa maji yenye chumvi kwa asilimia fulani, angalia mstari wa sodiamu. Ukikuta miligramu 200, 300 au zaidi kwa gramu 100, chumvi imeshatiwa kabla hujawasha jiko, na hakuna kuosha kutakakoitoa. Kuku wa kuchoma anayeuzwa tayari, popote alipo, mhesabu kwenye kundi hilo.

Supu: sifa nyingi, kazi ngumu

Ugumu wa supu uko kwenye maji. Ili supu ikolee kama tulivyozoea, kila lita inataka gramu 7 mpaka 10 za chumvi. Bakuli la mililita 300 linakuwa na gramu mbili na ushee, karibu nusu ya posho ya siku, na mgonjwa analinywa lote kwa sababu ameambiwa supu inaleta nguvu. Ukisema utatia robo kijiko kwenye lita mbili, ulimi hautajua kama kuna kilichotiwa. Chumvi imetawanyika kwenye maji yote, na nyama imepata sehemu ndogo tu.

Tena maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100. Ile harufu tunayoiita ya kuchoma au ya kukaanga huanza pale nyama inapokauka juu na joto kupanda zaidi ya hapo, protini na chembe za sukari zikaungana na kugeuka rangi ya hudhurungi. Kuku wa kuchemsha hafiki huko. Kwa hiyo umemnyima chumvi, na moto nao umemnyima, halafu unamshangaa mama akikataa kula.

Hata hivyo, supu ina nafasi yake kwa mtu asiyeweza kutafuna au asiye na hamu ya kula, ila ipikwe kwa akili. Chukua kienyeji, tia maji ya kumfunika tu, siyo ndoo. Kitunguu kizima na kipande cha tangawizi vibabue kwanza juu ya mkaa au moto wa gesi mpaka vipate weusi kidogo nje, kisha ndiyo uvitumbukize. Hapo umeiazima ile harufu ya moto ambayo maji hayana. Ongeza mashina ya kotmiri, punje za pilipili manga, majani mawili ya mchaichai. Iache itokote taratibu bila kuifukuza, saa mbili. Maji yakipungua mpaka nusu, ladha imejikusanya. Robo kijiko ya chumvi itie mwisho kabisa, na ndimu ikamuliwe mezani. Ilinyweka. Ila siwezi kusema ilishangiliwa.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate maneno yangu hapa wala mahali pengine popote kwenye andishi hili. Huyo ana hesabu ya potasiamu na maji pia, nayo hufanywa na daktari wake na mtaalamu wa lishe.

Mkaa, au oveni

Huyu ndiye aliyemaliza ubishi nyumbani kwetu. Moto unafanya kazi ambayo tuliizoesha chumvi kuifanya, na kile kidogo ulichopaka kiko juu ya ngozi, mahali ambapo ulimi unagusa kwanza. Robo kijiko ile ile iliyopotea kwenye supu, hapa inasikika.

Ninavyofanya mimi: kuku wa kisasa, ninampasua mgongoni na kumbandua awe bapa, mapaja nayachanja mara mbili mbili. Natwanga punje sita za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Binzari nyembamba na giligilani nazikaanga kavu kwenye kikaango mpaka jikoni kunukie, ndipo nazisaga. Zikisagwa bila kukaangwa, nusu ya kazi yake haifanyiki, na kwenye kuku wa chumvi nyingi usingejua tofauti, lakini kwenye huyu utajua. Pilipili mbuzi moja, kijiko cha mafuta, maji ya ndimu mbili. Nampaka mpaka ndani ya zile chanjo, anakaa saa moja au mbili. Usimlaze usiku kucha kwenye ndimu, ukali wake unaikaza nyama ya nje na ikichomwa inakuwa kavu kama chaki. Anayetaka kulaza atumie mtindi badala ya ndimu, mtindi ni mpole na sodiamu yake ni ndogo. Chumvi naipaka mwisho, juu ya ngozi, dakika chache kabla ya kumweka jikoni.

Mkaa usiwe wa miali. Ngoja uvae majivu meupe, sogeza mwingi upande mmoja, anza kuku upande wenye moto hafifu akiwa ameelekeza mifupa chini. Dakika 40 hadi 50, ukimgeuza na kumpaka mafuta yenye kitunguu saumu, kisha mmalizie upande wa moto mkali ngozi ipate rangi. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 katikati ya paja. Asiye nacho atoboe pale paja linapoungana na mwili aangalie maji yatokayo yasiwe ya pinki. Palipoungua kabisa na kuwa masizi, kwangua utupe. Oveni ya nyuzi 200 inamtoa vizuri kwa muda huo huo au zaidi kidogo, ila moshi hautaupata, na mimi hujaribu kuufidia kwa kubabua ngozi kwenye kikaango kizito kabla.

Ubaya wake nao usifichwe. Kidari kinakauka ukikisahau dakika tano, na kuku mkavu asiye na chumvi ni adhabu. Hakuna mchuzi wa kulia ugali. Na kama mna watoto saba na kuku mmoja, mkaa hauongezi kitu sahanini, nazi inaongeza.

Nazi

Kuku wa kupaka wa mwambao, kuanzia Mombasa hadi Unguja, amebeba njia mbili kwa pamoja: anachomwa kwanza, kisha anaingia kwenye tui. Kwa chumvi kidogo ningempa nafasi ya pili, na kwa nyumba yenye watu wengi ningempa ya kwanza, kwa sababu wote wanakula chungu kimoja na hakuna anayejiona mgonjwa.

Faida ya tui ni mafuta yake. Harufu nyingi za viungo hukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo manjano, tangawizi na iliki zinasikika mbali zaidi kuliko zingesikika kwenye supu. Hasara yake ni utamu. Tui lisilo na chumvi linalala, ladha yake inakuwa kama uji. Hapa wapishi wengi hukata tamaa na kurudia chumvi, wakati kinachohitajika ni ukali na uchachu. Ndimu moja iliyokamuliwa wakati sufuria imeshatoka motoni, na pilipili iliyopasuliwa, vinaliamsha tui lote.

Mpangilio ni huu. Choma kuku nusu kuiva. Kaanga kitunguu kwa subira mpaka kiwe cha dhahabu, tia saumu, tangawizi, manjano na nyanya mbili mbichi. Nyanya ya kopo ina chumvi mara nyingi, ichunguze. Mimina tui jepesi, tia kuku, acha dakika 15. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, inaingia mwisho, unakoroga moto ukiwa mdogo, ikichemka kwa fujo itakatika. Nazi ya kukuna mwenyewe haina sodiamu ya kutisha. Ya pakiti nyingi ni nzuri pia, lakini soma. Anayeangalia na lehemu (kolesteroli), atumie tui jepesi peke yake, kwa kuwa mafuta ya nazi ni mazito kwa mishipa na kuondoa chumvi hakuyabadilishi.

Kuhusu uchachu, ndimu ina harufu inayokufa motoni, ndiyo maana huja mwisho. Ukwaju unavumilia kuchemshwa na una utamu wa mbali, nauona unafaa zaidi kwa kuku wa mkaa, ukiupaka dakika kumi za mwisho. Embe mbichi ndani ya tui ni jambo la kipekee kabisa msimu wake ukifika. Siki sina ugomvi nayo, ila ina sauti moja tu.

Sahani haina kuku peke yake

Nilishafanya kosa hili. Kuku wa robo kijiko, nikampakulia na wali wa nazi uliotiwa chumvi kijiko kizima, kachumbari iliyofinyangwa kwa chumvi, na chapati. Nilichokipunguza kwenye kuku nilikuwa nimekihamishia pembeni. Tangu hapo kuku wa chumvi kidogo namuoanisha na ugali, ambao kwa desturi hautiwi chumvi, au ndizi za kuchemsha, au wali mweupe uliopikwa na iliki na karafuu mbili. Kachumbari hufinywa kwa ndimu. Na wale wa maharage au mlenda wa magadi wakumbuke kwamba magadi ni sodiamu vilevile, ingawa hayana ladha ya chumvi.

Chumvi ya pinki, ya bahari na ya mawe zina sodiamu karibu ile ile kwa uzito. Chembe zikiwa kubwa, kijiko kinabeba kidogo, hiyo ndiyo tofauti. Ile ya kawaida ya dukani ina madini joto, na robo kijiko unayobakiza ni afadhali iwe hiyo. Chumvi mbadala zenye potasiamu ni habari nyingine. Huko China, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwapa watu wa mamia ya vijiji chumvi ambayo robo yake ni potasiamu kloraidi, na viharusi vikapungua. Lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuhusishwa, na kwa sababu nzuri: figo ikishindwa kuitoa potasiamu, moyo unaweza kusimama. Anayemeza enalapril, losartan au spironolactone, kama wanavyofanya wengi wenye presha, asiguse kopo hilo kabla ya kumuuliza daktari.

Ulimi unachukua wiki kadhaa kuzoea, na katika wiki hizo ndipo njia ya kupika inapoamua kama mtu atavumilia au atarudi kwenye kikopo. Ndiyo maana kwa anayeanza nasema mkaa kwanza, nazi wiki ya pili, na supu aiache mpaka atakapokuwa ameshazoea. Mama yangu naye alizoea. Miezi miwili baadaye tulialikwa harusini, akapakuliwa paja la kuku wa sherehe, akauma mara moja, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, huyu kuku wamemkosha baharini nini?"